Barnaba na Kitabu cha Mihogo

Mtu mmoja, jina lake Barnaba Chilumba, alikuwa na kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu karibu na soko la Masasi. Hakuwa tajiri, ila aliaminiwa. Vijitabu vyake vya kilimo, vya malezi na vya sala vilikuwa katika nyumba nyingi, na watu waliobishana waliulizana Barnaba ameandikaje, kisha wakanyamaza.

Imani hiyo hakuipata bure. Kwake hakuna ukurasa uliopanda mashine kabla ya kusomwa na watu wawili: mmoja akisoma kwa sauti, hata nukta na mkato akizitaja, mwingine akifuatisha kwa kidole. Ni kazi ya kuchosha. Wachapaji wenzake walimcheka, naye hakuiacha.

Zikaja simu, na wanunuzi wakaanza kuadimika. Binti yake, Filotea, akamsihi watoe vitabu kwa njia ya simu pia, maana wasomaji wamehamia huko. Barnaba alikubali kwa shingo upande. Moyoni aliona kwamba kitu kisichoshikika mkononi hakistahili kuitwa kitabu.

Mwaka mmoja ukame ulikuwa mkali, mihogo mitamu ikakosekana, watu wakabaki na ile michungu yenye sumu. Barnaba akaandika kijitabu cha kuwafundisha namna ya kuiandaa. Rasimu yake ilisema muhogo ulowekwe usiku mmoja. Alipoketi na fundi wake kuisoma, kidole chake kilisimama hapo. Alijua usiku mmoja hautoshi. Muhogo mchungu hulowekwa mpaka ulainike na kuvunjika wenyewe mkononi. Akashukuru kwamba kosa limeonekana mapema, akaagiza herufi zipangwe upya.

Filotea alikuwa amekwisha kuinakili rasimu ileile kwenye kompyuta, kabla kosa halijaonekana. Akamwomba baba yake waisome nayo, wawili, kama ilivyo desturi ya nyumba. Barnaba alikuwa amechoka. Akamjibu kwamba hiyo ya simu ni ya kupita tu, aitume ilivyo, na anayetaka kitabu cha kweli atakuja kukinunua. Binti akaituma.

Hakuna aliyekuja. Njaa haikumwachia mtu nauli ya kwenda sokoni kutafuta kitabu. Ile ya simu haikuhitaji nauli. Ndugu alimtumia ndugu, jirani akamtumia jirani, ikafika vijiji ambavyo Barnaba alivisikia kwa jina tu. Vile vya karatasi, safi, visivyo na kosa hata moja, vilibaki rafuni vikijaa vumbi.

Siku moja akaingia Ausensia, mdogo wa marehemu mkewe, amembeba mgongoni mtoto wake wa kike, mkubwa wa kutosha kutembea. Miguu ya mtoto ilikuwa imekakamaa. Hospitali walikuwa wamemwambia ni sumu ya mihogo, na kwamba miguu ile haitarudi kama zamani. Barnaba akamuuliza, kwa ukali wa mtu anayeogopa jibu, kwa nini hakuiloweka inavyotakiwa. Ausensia hakugombana naye. Alitoa simu, akaifungua, akamwonyesha.

"Shemeji, tuliona jina lako, ndiyo maana hatukuuliza mtu mwingine."

Barnaba akaisoma palepale amesimama, peke yake, kwa mara ya kwanza. Usiku mmoja, ilisema.

Jioni hiyohiyo yeye na Filotea waliketi wakaisoma yote, neno kwa neno, wakaituma iliyo sahihi. Iliwafikia wengi, lakini si kila aliyepata ya kwanza alipata na ya pili. Ausensia aliendelea kumsalimu kwa heshima, na heshima hiyo ilimuumiza kuliko matusi. Mpaka uzeeni Barnaba alijuta, wala si kwa sababu hakujua. Alijua vizuri sana, akawawekea ujuzi wake wale ambao hawakuja, na waliokuja kwa njia ya simu akawapa makombo.

Nanyi mnaoandika, mnaofundisha, mnaohubiri: yule mnayemdharau kwa njia anayopitia kuja kwenu, mmemwandalia nini ale?