Sheikh Wahbi na Asili ya Neno Tufani

Imepokewa kutoka kwa watu wa kale kwamba palikuwa na mja mwema katika mji wa Basra akiitwa Wahbi bin Suhaym, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwanachuoni wa lugha. Desturi ya wanazuoni wa lugha ilikuwa ngumu. Mtu haandiki maana ya neno ila awe amelisikia kwa mabedui wa jangwani, na aseme, "Nimesikia." Asiyesikia husema, "Sijui," wala haoni haya.

Wahbi aliona haya siku moja. Akiwa kijana, aliulizwa mbele ya halaiki asili ya neno tufani, naye hakuwa amelisikia popote. Kwa kuwa akili yake ilikuwa nyepesi, akakisia papo hapo.

"Limetokana na kuzunguka," akasema, "kama mahujaji wanavyotufu Al-Kaaba. Ni jambo linalowazingira watu wote. Nimesikia kwa bibi mmoja wa jangwani."

Watu wakaandika. Bibi mwenyewe hakuwako.

Ikapita miaka arobaini. Wahbi akawa sheikh wa kutegemewa, lakini kila mwanafunzi aliposoma ukurasa wa neno lile, alimharakisha afunue unaofuata. Mwishowe akapanda ngamia, na uzee wake na mgongo unaomuuma, akaenda jangwani siku kumi na mbili. Huko akamkuta kikongwe akikama mbuzi mbele ya hema, jina lake Umm Jundab.

"Mama yangu," akauliza, "tufani ni nini?"

Kikongwe akacheka. "Mtu mzima na kilemba chako, hulijui? Ni kinachowazunguka watu wasione pa kutokea. Maji yakizidi ni tufani. Mauti yakifagia kabila zima, nayo ni tufani."

Sheikh nusura aruke kwa furaha. Maana ni ileile, na bibi wa jangwani amepatikana! Angerudi zake akanyamaza, wala hakuna kiumbe ambaye angejua.

Furaha hiyo ilidumu hadi alasiri. Aliposujudu, ikamdhihirikia kwamba hakuja kutafuta elimu. Alikuja kuutafutia uwongo wake shahidi. Akalia hata mchanga ukalowa.

Aliporejea Basra, aliketi mbele ya darsa lake akasema, "Neno tufani niliwaambia nimesikia. Wallahi sikusikia. Niliwaongopea."

Mwanafunzi wake mkubwa, Kaisi, akauliza, "Ewe sheikh wetu, basi tuifute ile maana?"

"Msiifute. Nimeisikia safari hii kwa Umm Jundab, nayo ni sahihi."

"Sasa kosa liko wapi, nawe ulipatia?"

"Neno lilikuwa kweli, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa mwongo."

Wengi waliinuka wakaenda zao, wakisema, "Aliyeongopa katika moja, tutamwaminije katika mengine?" Sheikh hakuwalaumu, ingawa ilimuuma sana. Wakabaki wanne. Akafungua kitabu chao cha maana za maneno, penye neno la kwanza, akaanza upya, na kila neno akawaambia, "Hili nimesikia," au, "Hili sijui."

Enyi ndugu zangu katika imani, tumezoea kufurahi tukipatia. Lakini siku ya hesabu ulimi hautaulizwa tu ulisema nini. Utaulizwa pia ulijuaje.