Kwa Nini Ufizi Hutoa Damu

Ninyi mnaocheka, nawaona meno. Chekeni tu, bado mnayo. Ila niwaambie kwamba zamani ufizi wa binadamu haukuwa ukitoa damu. Ulikaa kimya mdomoni, hauumi, hauvimbi, na meno yaling'oka bila mwenyewe kujua amekosea wapi.

Wakati huo, katika mbuga kavu za Ugogo, aliishi mfugaji aitwaye Ndahani. Ng'ombe wake hawakuhitaji fimbo. Jioni alisimama juu ya kichuguu akapiga mbinja moja ndefu, nao wote wakageuka kurudi zizini. Lakini kupiga mswaki aliona ni kazi ya wanaotafuta mchumba, na yeye mke alikwisha kupata. Ukoga ukajijenga taratibu kwenye mashina ya meno yake, ukala ndani kwa ndani, na ufizi haukusema kitu.

Siku moja jino la mbele lilibaki kwenye kipande cha nyama. La pili likafuata, na mengine. Jioni alipopiga mbinja, ulitoka upepo mtupu. Ng'ombe waliinua vichwa, wakamtazama, wakaendelea na majani yao. Kesho yake mtamba mmoja alikutwa ameliwa na fisi. Namhurumia sana Ndahani. Mtu mzima alikaa chini akalia mbele ya watoto wake, kwa sababu maziwa ya ng'ombe wale ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha.

Mkewe Nyemo akajifunza mbinja ile, wanawake wenzake wakimcheka, hadi ng'ombe wakamkubali. Sasa nyumba nzima ilitegemea meno ya Nyemo.

Ndahani akamwomba Mungu, akasema, "Siombi meno yangu yarudi. Naomba wengine wasishtukizwe kama mimi."

Mungu akamjibu, "Ufizi utasema."

Hakumweleza utasemaje. Haukupita muda, asubuhi moja Nyemo alikuwa akipiga mswaki akaona damu kwenye kijiti. Alipiga yowe, akakitupa vichakani. Kijiji kizima kikafanya vivyo hivyo, watu wakisema miswaki imeingia sumu. Kadiri walivyoiogopa ndivyo fizi zao zilivyozidi kuvimba, na mbinja ya Nyemo ikaanza kukwama kwa maumivu.

Ndahani alimtazama mkewe, akakumbuka kwamba ufizi wake yeye haukuwahi kutoa hata tone. Hapo akaelewa. Akaenda kukata kijiti kibichi cha mswaki. Kukitafuna hakuweza, kwa hiyo aliiponda ncha yake kwa jiwe mpaka ikawa laini. Akapasha maji, akatia chumvi kidogo.

"Sukutua kwanza, mama Mazoya," alimwambia. "Kisha pitisha polepole hapa, jino linapokutana na ufizi."

"Damu inatoka, baba Mazoya! Unataka niwe kama wewe?"

"Mimi haikunitoka. Ndiyo maana niko hivi."

Nyemo akaupokea mswaki. Damu ilitoka siku hiyo na siku zilizofuata, ikapungua, mwishowe ikakoma, na uvimbe nao ukashuka. Jioni moja akapanda kichuguu akapiga mbinja, na ng'ombe wakaja hadi wa mwisho. Ndahani alisimama kwenye lango la zizi akiwapokea, anacheka mdomo wazi, hana jino la mbele hata moja.

Na tangu siku hiyo, ufizi ukianza kuliwa na ukoga hutoa damu mapema, jino likiwa bado imara. Wapo hata leo wanaoiona wakaogopa, wakauacha mswaki. Wewe ukiiona, tafuta mswaki laini, usugue kwa upole asubuhi na kabla ya kulala, na isipokoma nenda kwa daktari wa meno. Usiichukie damu hiyo. Aliyetuombea alikuwa mtu ambaye yeye mwenyewe haikumfaa kitu.