Mkaguzi wa Sufuria

Mzee Badi, mwenye nyumba, alikuwa na huruma sana. Kila mpangaji wake Mwanatumu alipokwenda kupamba maharusi, yeye alifungua chumba chake kwa ufunguo wa akiba, eti akague ukuta. Ajabu, ukuta wenyewe ulikuwa ndani ya sufuria, na kila ulipokaguliwa, mchuzi ulipungua.

"Ungebisha hodi kwanza, baba," Mwanatumu alimwomba.

"Nibishe hodi nyumbani kwangu? Wapangaji wa siku hizi!"

"Kweli, nimekosa adabu. Kesho sipo kutwa. Kagua hata mara mbili."

Kesho yake jioni Mwanatumu alipita kumsalimia Bi Mishi, mke wa Mzee Badi, akamkuta amemkamata mumewe mkono.

"Hina imekukolea vidoleni! Mwanamume hapakwi hina ila akioa. Umemwoa nani?"

"Wallahi sijaoa! Nilichovya tu kwenye sufuria ya Mwanatumu!"

Mwanatumu akashika shavu. "Hina yangu ya kazi? Na mlango niliufunga mwenyewe!"

"Basi nionyeshe mke au nionyeshe ufunguo," alisema Bi Mishi.

Ufunguo ulitoka mfukoni upesi kuliko mkono ulivyokuwa ukiingia sufuriani.