Mwalimu Kindi na Silabi Iliyoanguka

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanavaa sare na kupanga foleni ya uji, palikuwa na shule moja ya udongo kando ya kivuko cha mto. Wewe mwenye daftari lililojaa alama nyekundu, sogea mbele. Usilifiche. Hadithi ya leo ni yako.

Mwalimu wa shule ile alikuwa Kindi. Mdogo huyo! Ukimweka kiganjani, nafasi inabaki. Ili afike ubaoni ilibidi apande kigoda, na juu ya kigoda aweke kopo. Dasta hakuwa nayo. Alifuta ubao kwa mkia, fyu, fyu, na jioni akarudi kwake mkia umekuwa mweupe kama ameuchovya kwenye unga. Walimu nimewaona wengi, watoto wangu, lakini kama yule sijamwona.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Kiboko. Mnene, sauti nzito, na kila alipokuja shuleni alishika kiboko mkononi. Ndiyo, Kiboko na kiboko chake. Nyinyi mnacheka kwa sababu hamkuwepo.

"Akili mtu huzaliwa nayo!" Kiboko alipenda kusema. "Anayejua, anajua. Asiyejua anatumalizia uji bure!"

Basi akatunga sheria. Karani wa kamati, Mzee Tembo, akaiandika ukutani kwa rangi nyekundu: ATAKAYESEMA SIJUI AU SIWEZI ATOKE NA MKOBA WAKE. Kiboko akachovya mguu kwenye rangi, akapiga muhuri chini yake. Pwaa!

Wote waliutazama ule muhuri wakatetemeka. Mwalimu Kindi yeye aliona jambo jingine. Aliona kwamba mwenyekiti hajawahi kutia saini. Barua, risiti, matangazo, yote ni unyayo tu. Pwaa, pwaa! Akaliweka hilo kichwani.

Kila mwisho wa muhula kamati ilikuja ikamuuliza kila mtoto swali moja. Nungunungu alisema "Sijui", akatoka na mkoba wake. Kobe akasema "Siwezi", akatoka na wake, na kwa mwendo ule wa Kobe alionekana njiani mpaka jioni. Mwalimu Kindi alisimama dirishani akimtazama, machozi yanamtoka.

Muhula uliofuata kila mtu alijua ni zamu ya nani. Ilikuwa zamu ya Mashavu, binti Ngiri.

Sifa ya ngiri mnaijua. Hutimua mbio, mkia juu, halafu husimama ghafla: "Hivi, nilikuwa nakimbia nini?" Mashavu alijifunza jedwali la saba asubuhi, akifika mlangoni halipo. Wenzake walimwita Sahau. Alikalishwa dawati la nyuma kabisa, karibu na mlango, ili kufukuzwa kwake kusiwe na safari ndefu. Na nyumbani mama yake alikwisha kumwahidi binamu ile sare.

"Usilie, mwanangu," alisema Bi Ngiri. "Ukoo wetu ni wa kusahau. Baba yako alisahau hata siku ya harusi yetu."

"Lakini mama, mimi naipenda shule!"

"Najua, mama. Kesho kutwa utasahau."

Mashavu hakulala vizuri siku hiyo, na mimi nisingelala.

Zilibaki wiki mbili. Mwalimu Kindi akaingia darasani, akapanda kigoda, akapanda kopo.

"Mashavu, saba mara tisa?"

"Sijui, mwalimu."

"Sahaaau!" darasa zima likaangua kicheko.

"Shh! Hebu nyamazeni," Mwalimu Kindi akasema, sikio limesimama. "Kuna kitu kimeanguka. Hamkusikia? Kimeanguka kutoka kwenye neno la Mashavu. Tafuteni!"

Kha! Watoto wakainama chini ya madawati. Mtoto wa Fisi akaokota mfupa wake wa juzi. Mtoto wa Swala akaokota kalamu.

"Ni kidogo kuliko hivyo," mwalimu akasema. "Ni silabi." Akaandika ubaoni: SIJUI. Akageuka, fyu, akafuta kwa mkia, akaandika upya: SIJAJUA. Chini yake, SIWEZI. Fyu! SIJAWEZA. "Ndiyo hii. JA. Na mnaiona i ya mwisho? JA ilipoingia, i ikaona haya, ikageuka a."

"Sasa ina kazi gani hiyo, mwalimu?" akauliza mtoto wa Fisi.

"Mtu akiniambia hajui, mimi nifanye nini? Nifunge mlango niende zangu. Lakini akiniambia hajajua, mimi nina swali la pili. Haya, Mashavu. Saba mara tisa?"

"Si... sijajua, mwalimu."

"Umefikia wapi?"

Mashavu akainua uso. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Nimefikia saba mara kumi," akasema polepole. "Sabini. Hiyo haipotei. Nyingine zote zinanikimbia."

Mwalimu Kindi akakuna kidevu. "Niambie, kwenu mnaingiaje ndani?"

"Kinyumenyume, mwalimu. Makalio kwanza. Adui akija anakutana na meno."

"Basi na jedwali liingie hivyo hivyo! Anza na sabini yako, urudi nyuma. Kila hatua, toa saba."

Mashavu akasimama. "Sabini." Akarudi hatua moja. "Sitini na... nne?" Akasita. Akarudi alipokuwa, akahesabu tena kwa kwato zake. "Sitini na tatu!"

"Hujaambiwa na mtu, umerudi mwenyewe kukagua," akasema mwalimu. "Hicho ndicho nilichokipenda kuliko hata jibu."

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo lugha ya darasa. "Sijaweza kuruka mfereji!" "Umefikia wapi?" "Katikati, nimelowa!" Mtoto wa Fisi akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi sijashiba!"

"Hiyo haimo kwenye somo. Kaa."

Na Mashavu? Siku nyingine alifika arobaini na tisa bila kosa. Siku nyingine alikwama kwenye hatua ya kwanza. Sikudanganyi, hakugeuka kuwa bingwa.

Siku ya siku ikafika. Kishindo! Du, du, du! Kamati hiyo. Kiboko mbele na kiboko chake, Mzee Tembo na daftari lake, na Nyati nyuma, akasimama mlangoni kuuziba.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti!"

"Marahaba. Kaeni. Yule Ngiri yuko wapi? Tumalize la kwake mapema. Saba mara nane!"

Mashavu akasimama. Kichwani, kweupe. Akamtazama mwalimu. Mwalimu akatikisa mkia kidogo tu.

"Sijajua, Mheshimiwa."

"Ahaa! Chukua mkoba wako!"

"Samahani, Mheshimiwa," akasema Mwalimu Kindi kwa adabu zote. "Mzee Tembo, ungetusomea sheria?"

Tembo akavaa miwani, akausogelea ukuta. "Sijui... au siwezi." Akasoma tena. "Mwenyekiti, huyu mtoto amesema sijajua. Hiyo humu haimo."

"Ni yale yale!"

"Yangekuwa yale yale," akasema Kindi, "yangeandikwa sawasawa."

Kiboko akavimba. "Basi natunga sheria nyingine sasa hivi! Na hiyo sijajua nayo marufuku! Tembo, andika!"

Hapo ndipo Mwalimu Kindi aliporuka, tup, kutoka kwenye kopo mpaka kwenye bega la Kiboko, chaki mkononi.

"Sheria kubwa namna hiyo iandikwe na karani? Hapana, Mheshimiwa! Watoto wanataka kuona mwandiko wako mwenyewe. Siyo, watoto?"

"Ndiyooo!"

Kiboko akaipokea chaki. Akauendea ubao. Akasimama. Jasho jekundu, lile la ukoo wa viboko, likaanza kumtiririka shingoni. Akachora mstari mmoja uliosimama. Akachora mwingine, ukaenda usikotakiwa. Akaufuta kwa kiwiko.

"Vipi, Mheshimiwa?" Kindi akamnong'oneza sikioni. "Hujui kuandika?"

Kiboko akafungua mdomo, ule mdomo mkubwa wote. "Mimi si..." Macho yakamwenda ukutani, kwenye rangi nyekundu na unyayo wake mwenyewe. Akameza mate. "Mimi si... sija... sijajifunza!"

"Heee!" darasa zima. Mtoto wa Fisi akacheka mpaka akaanguka chini ya dawati.

Mwalimu Kindi peke yake hakucheka. Hapa ndipo ninapompenda mwalimu huyu. Angeweza kuzidi kumwaibisha yule aliyemfukuza Kobe, na nani angemlaumu? Lakini akamuuliza kwa sauti ile ile aliyomuulizia Mashavu:

"Umefikia wapi?"

Kiboko akatazama chini. "Nimefikia K," akasema, na sauti yake haikuwa nzito tena. "Ya jina langu. Nilipokuwa mdogo mwalimu wangu aliniambia kichwa changu ni maji matupu. Nikaishia hapo."

Mara nyuma ya darasa, tumbu! Nyati akapiga yowe: "Nani huyo ananigonga?"

Alikuwa Mashavu. Hatua ya kwanza, hatua ya pili, kinyumenyume, mpaka makalio yamegonga magoti ya Nyati. Walidhani anatoroka.

"Sabini! Sitini na tatu! Hamsini na sita!" akapaza sauti. "Saba mara nane ni hamsini na sita, Mheshimiwa! Nimejua!"

Tembo akahesabu kwenye daftari lake, akahesabu tena. "Hamsini na sita," akakubali.

Mashavu akapita katikati ya madawati, mkia juu, mpaka ubaoni. Akautazama ule mstari wa Kiboko, akamtazama na Kiboko mwenyewe.

"Mzee, hapo unapokwama usianzie juu," akasema. "Anzia chini. Ule mguu wa K uuchore kinyumenyume."

Kiboko akapiga magoti, maana mtoto alikuwa mfupi. Akaanzia chini. Chaki ikalia kwii! Mstari ukapanda, ukagusa ulipotakiwa kugusa. Akasogea nyuma, akaitazama K yake ikiwa imepinda kidogo, imesimama. Kile kiboko kikamdondoka mkononi, na hakukiokota.

"Tembo," akasema, "mfuate Kobe. Na Nungunungu pia. Waambie waje na mikoba yao."

Mwalimu Kindi akaruka mpaka ukutani, akachovya mkia kwenye maji ya ndoo. Fyu, fyu, fyu! Rangi nyekundu ikatiririka chini, pamoja na ule unyayo.

Jioni ile Bi Ngiri alimkuta Mashavu amesimama uani katika sare yake. Binamu yuko pembeni, mikono mitupu.

"Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza, mama. Na wewe jedwali la saba hulijui?"

Bi Ngiri akafikiri. "Sijalijua," akasema.

Hadithi yangu inakaa chini hapa, na fundisho lake ni hili: mtoto usimuulize kama anaweza, muulize amefikia wapi.