Mikono ya Tusekile

Mkono usiouma hauogeshi mtoto. Jana niliposema hivyo kikaoni, mlipotaka wale yatima wakabidhiwe mtu ambaye hajawahi kumwonea yeyote huruma, nyinyi vijana mlicheka. Mkadhani mzee anapayuka. Haya, sogeeni niwaambie neno hilo lilikotoka, na anayetaka kucheka acheke mwishoni.

Lilianza kwa bibi yangu mzaa mama, Tusekile, mfinyanzi. Wenzake wakichoma vyungu, walivitoa motoni kwa vijiti virefu. Yeye alivitoa kwa mikono mitupu. Alishika chungu kinachofuka moshi, akakitua taratibu, huku anazungumza habari za shamba. Watu wakasema mizimu imemtunuku. Na yeye, jamani, sifa zilimlevya.

Lakini yapo ambayo hakuyasema. Mkononi alikuwa na baka lililopauka, ukilichoma mwiba hasikii kitu. Halafu asubuhi moja aliamka akaona damu mkekani. Panya walikuwa wametafuna ncha ya kidole chake cha mwisho, naye alikuwa amelala usingizi mtamu. Alikitazama kile kidole kama cha mtu mwingine. Kisha akakifunga kitambaa, akaenda kazini. Aliogopa, ila kupoteza sifa alikuogopa zaidi.

Mwaka huo binti yake, Subilaga, alijifungua. Alikwisha kuzika watoto wawili, na huyu alikuwa wa tatu. Kwetu, mtoto mchanga huogeshwa na bibi mzaa mama mpaka kitovu kidondoke, na mkono wa kupima maji ni wa bibi huyo peke yake. Mwingine haruhusiwi kuyagusa.

Siku ya kwanza Tusekile akatia mkono kwenye beseni. Maji baridi, akasema. Akaongeza ya moto kutoka jikoni, akatia mkono tena. Bado baridi. Akaongeza tena.

"Mama, mvuke umezidi," Subilaga akasema kutoka kitandani.

"Wewe na wadogo zako nimewaogesha mimi. Haya maji hata uvuguvugu hayana."

Akampakata mtoto kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado majini, unakoroga polepole. Subilaga akajikongoja mpaka kwenye beseni, akachungulia. Juu ya maji kilielea kitu chembamba kama ganda la kitunguu.

"Mama, hicho nini?"

Tusekile akautoa mkono. Ngozi ya vidole ilikuwa imevuka, nyama nyekundu iko wazi, na uso wake ulikuwa ungali unamtabasamia mjukuu. Tone moja likadondoka kisiginoni kwa mtoto. Mtoto akalia mpaka akakaukiwa na pumzi, kwa tone moja tu.

"Mama, huumwi?"

Tusekile akautazama mkono wake, akamtazama mtoto anayelia. Tabasamu likamtoka.

"Siumwi," akasema. "Siumwi popote, mwanangu. Mchukue mtoto. Mchukue upesi."

Zahanati walisema ni ukoma, umeua mishipa ya fahamu mikononi. Baadaye dawa iliusimamisha ugonjwa, lakini ganzi haikuondoka. Tabibu akamwambia kwamba maumivu ndiye mlinzi wa mwili, na wake alikwisha kufa zamani, yeye akawa anashangiliwa kwa kulala mlango wazi.

Siku hiyo waliporudi nyumbani, Subilaga aliyapima maji mwenyewe kwa siri, akamletea mama yake mtoto amwogeshe, asije akaaibika mbele ya majirani. Tusekile akaificha mikono ndani ya kanga, machozi yakamtoka.

"Mkono usiouma hauogeshi mtoto," akasema. "Mwogeshe wewe. Mimi nitakaa hapa nimwimbie."

Na alimwimbia. Mama yangu ndiye aliyenisimulia, kwa maana mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Kovu hili hapa kisiginoni, tazameni. Nikikanyaga kokoto panauma mpaka leo, na kila panapouma namshukuru Mungu.

Sasa haya, rudini kikaoni mkachague mtu wa kulea wale watoto. Mkono usiouma hauogeshi mtoto.