Mtungi Usiopungua Joto

Soma hii taratibu, kisha mtumie yule jamaa yako anayejisifu kwamba hajui kuchoka.

Palikuwa na mfalme aliyetaka kupeleka chombo kwenye sayari ya mbali, kule ambako jua huonekana dogo kama punje ya mtama. Paneli za jua huko ni mapambo tu. Ikabidi chombo kibebe mtungi wa nyuklia, wenye madini ya plutoniamu ndani yake. Madini hayo hutoa joto yenyewe miaka na miaka, na joto hilo hugeuzwa umeme.

Mafundi wawili wakaleta mitungi yao, imefungwa kwa chuma, haifunguliki. Mfalme akamwita mkaguzi wake, Bi Shemsa.

"Ipime mwaka mzima, kisha utie sahihi. Chombo kikizimika njiani, nawe utazimika kazini."

Bi Shemsa alikuwa mtu wa shaka. Akipewa chai, humngoja aliyempa aonje kwanza. Akisalimiwa mara mbili, hushika mkoba. Siku nyingine alijishuku mwenyewe, akahesabu vidole vyake.

Mtungi wa Fundi Mwambungu uliwekwa sakafuni. Wa Bwana Farjala ulikuja na meza yake ya mpingo, imechongwa maua.

"Kitu cha mfalme hakikai chini," alisema Farjala, akiinama mpaka kilemba kikamdondoka.

Kila asubuhi Bi Shemsa alipima joto. Mwaka ulipokwisha, mtungi wa Farjala ulitoa wati elfu moja za joto, kama siku ya kwanza. Wa Mwambungu, ulioanza na elfu hiyo hiyo, ulitoa mia tisa tisini na mbili.

Bi Shemsa akamvaa Mwambungu. "Nane zimekwenda wapi? Umeziiba?"

"Niibe joto, mama? Nilibebe kwenye nini, mfukoni?" Mwambungu akacheka. "Madini haya hayawashwi wala hayazimwi. Yanajila polepole. Soma ile bahasha niliyokupa siku ya kwanza."

Bi Shemsa hakuwahi kuifungua. Alidhani ni hongo. Akaichana, akakuta mstari mmoja: *Baada ya mwaka, 992.*

Akamgeukia Farjala. "Na wako mbona haujili?"

"Wangu ni bora, Bi mkubwa. Haujui kuzeeka!"

Baraza likapiga makofi. Mfalme, aliyekuwa ananyolewa kwa mashine, akapaza sauti: "Tia sahihi wa Farjala, tumalize!"

Bi Shemsa akashika kalamu. Akaiweka. Madini ni yale yale. Vipi ya huyu yazeeke, ya yule yagome?

Akaagiza kahawa ya moto vikombe viwili, akaweka kimoja juu ya kila mtungi. Kisha akaenda ukutani, akazima swichi kuu ya jumba lile, ambamo umeme haukuwahi kukatika, si kama kwetu.

Mashine ikanyamaza. Kichwa cha mfalme kilikuwa kimenyolewa nusu.

"Shemsa! Umerukwa na akili?"

"Huenda, Mtukufu. Nipe saa moja tuhakikishe."

Saa ikapita. Kikombe kilichokuwa juu ya mtungi wa Mwambungu kilikuwa bado kinafuka moshi. Cha Farjala kilikuwa baridi kama maji ya kisima. Askari wakaipindua meza ya mpingo, na hapo wakauona waya mwembamba uliopita ndani ya mguu mmoja hadi sakafuni, ukinyonya umeme wa mfalme mwenyewe na kuupasha mtungi moto.

"Bwana Farjala," akauliza Bi Shemsa, "huko angani waya huu ungeuchomeka wapi?"

Farjala akainama tena, na kilemba kikamdondoka. Bi Shemsa akachukua kahawa ya moto, akainywa yote bila kumwonjesha mtu.

Chombo kiliondoka na mtungi wa Mwambungu. Kila mwaka kinatuma salamu kutoka huko gizani, kwa sauti hafifu kidogo kuliko mwaka uliopita. Lakini kinatuma.

Funzo: Mkweli hukuambia mapema atapungua kiasi gani. Asiyepungua kamwe, kabla hujamtilia sahihi, chungulia chini ya meza yake.