Dereva Aliyewatembeza Wanawe Mjini

"Apangaye peke yake hutembea peke yake."

Bi Nuru aliyasema hayo huku akichagua mchele, baada ya kumsikia mjukuu wake Athumani akiwatangazia wenzake safari yao ya Bagamoyo: wataanzia wapi, watakula nini, watarudi saa ngapi. Hakumuuliza yeyote. Vijana wakacheka, na mmoja wao akasema, "Bibi, methali hiyo shuleni hatujaisikia. Umeitoa wapi?"

"Mtaisikia wapi shuleni? Imezaliwa hapa hapa Kigamboni, nyumba ya pili kutoka kwangu. Kaeni niwaambie ilivyozaliwa."

Alikuwapo dereva wa malori ya masafa marefu, jina lake Kobero. Maisha yake yalikuwa barabarani: Tunduma, Kitwe, Lubumbashi, kisha kurudi. Hata akiwa nyumbani hakutulia. Chai aliinywa amesimama, na akilazimika kukaa, goti lake lilitikisika kama mtu anayekanyaga mafuta. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia watoto wawili. Semeni, binti mkubwa, alikuwa anakaribia kumaliza sekondari, na ndiye aliyeishika nyumba baba anaposafiri. Mdogo wake, Chande, alikuwa amerefuka ghafla hata suruali zote zikamwacha vifundo nje.

Safari moja Kobero alirudi na jambo kifuani. Tajiri wake alimtaka akae Lubumbashi miaka miwili, awasimamie madereva wenzake. Alikubali. Tena alikwisha kuzungumza na kaka yake wa Tabora, awachukue watoto. Kila kitu kilikuwa tayari, ila wenyewe watoto hawakuwa wameambiwa. Kila alipotaka kufungua kinywa, maneno yalimkwama. Mwisho akaona awape kwanza siku moja ya furaha mjini, siku ya kukumbukwa, kisha jioni, wakiwa wameshiba na kuchoka, awaambie.

Akaipanga siku hiyo kichwani mwake kama anavyopanga safari ya lori, na Jumamosi asubuhi akawavusha kwa pantoni.

"Leo ni leo!" akawaambia, akipiga makofi. "Hakuna kulala."

Kweli hakuwalaza. Makumbusho waliyapita mbio mbio. Semeni alisimama mbele ya picha za zamani za mji, akaanza kusoma maelezo yake, baba akamshika mkono: "Twende, twende, mbele kuna mengi." Bustani ya mimea waliizunguka bila kukaa kivulini. Aliwanunulia aiskrimu, wakazila wakitembea, zikawachuruzikia hadi viwikoni. Kisha akawapeleka kwenye bembea. Chande, aliyekuwa amempita baba yake kwa kimo, akazitazama zile bembea za watoto wadogo, akamtazama na dada yake.

"Baba, tukae kidogo," Semeni akasema.

"Tutakaa huko mbele."

"Kuna jambo nataka kukuuliza."

"Utaniuliza tukifika."

Lakini hawakufika popote. Kila walipofika mahali, Kobero alikuwa tayari anatazama pengine. Alihisi kwamba wakikaa tu, swali litakuja, na swali likija, siku itaharibika. Akaongeza mwendo. Jua lilikuwa kali, shati limemgandama mgongoni, na yeye anaendelea kueleza majengo kama mtu anayelipwa kwa kusema.

Wakati anaikaribia bandari, akanyoosha kidole kwenye jengo moja la zamani lenye roshani ya mbao. "Mnaiona roshani ile? Chini yake ndipo mimi na mama yenu tulipopiga picha ya harusi. Mama yenu alikataa kucheka. Nikamtekenya."

Akangoja wacheke.

"Nasema nikamtekenya!"

Muuza machungwa aliyekuwa kando ya njia akaangua kicheko. "Mzee, unazungumza na nani?"

Kobero akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mambo yote aliyokuwa akiyasimulia tangu kona ile ya nyuma, alikuwa akiuambia upepo.

Akarudi mbio, akiita majina ya wanawe kama mtu aliyeibiwa. Akachungulia maduka, akauliza walinzi, akapita kwenye bembea, hawapo. Mara akasikia kelele nyuma ya ukuta wa shule moja. Akaingia getini. Palikuwa na uwanja wa mpira wa kikapu, na Chande alikuwa katikati yake, shati lake jipya kalifunga kiunoni, jasho linamtoka, vijana asiowajua wanamwita jina lake. Semeni alikuwa amekaa ukingoni, viatu kavivua.

"Mnataka kuniua?" Kobero akafoka. "Mbona mmeniacha?"

"Hatujakuacha, baba. Tulisimama, tukakuita. Hukugeuka."

"Siku nzima nimeipanga kwa ajili yenu!"

"Umeipanga peke yako," Semeni akasema taratibu. "Ndiyo maana umeitembea peke yako."

Binti akaendelea: "Unaondoka lini?"

"Nani kakwambia?"

"Begi kubwa umelishusha kutoka juu ya kabati. Na baba mkubwa alimwambia Chande kwenye simu kwamba kitanda chake kiko tayari. Tumekuwa tukingoja utuambie. Asubuhi nilidhani utatuambia kwenye pantoni."

Baba akaketi chini, karibu na binti yake. Goti likaanza kutikisika. Semeni akaliwekea mkono, likatulia.

"Wiki ijayo," akasema. Kisha kwa shida, kwa sababu hakuwa amezoea kuuliza: "Ninyi mnataka nini?"

"Mimi nina mtihani, baba. Tabora nitaanza upya na nani? Na Chande ana timu yake. Bibi wa Mjimwema yuko tayari tukae kwake."

"Mbona mama mkwe hakuniambia?"

"Alisema atangoja umuulize."

Chande akaja akihema. "Baba, umeniona nilivyotupia kikapuni?"

"Sikukuona," Kobero akakiri. "Rudi ukatupie tena."

Akakaa pale mpaka mchezo ukaisha. Sehemu nyingine alizopanga hawakuzifikia, na hakuna aliyezitaja.

Hakuacha kazi ya Lubumbashi. Watoto walihitaji kula na kusoma. Siku ya kuondoka Chande alijificha chooni asionekane akilia. Lakini Tabora hawakwenda. Walihamia Mjimwema kwa bibi yao, na tangu siku ile, kabla ya kukata shauri lolote, Kobero alipiga simu kwanza na kuuliza. Majirani tulipomhoji kwa nini amebadili mpango, hakuona haya. Alitusimulia yote, pamoja na yule muuza machungwa, na maneno ya binti yake akayasema kama yalivyo. Madereva wenzake wakayachukua barabarani. Sisi tukayachukua sokoni, tukayafupisha kidogo, yakawa methali.

Basi, wajukuu zangu, mkisikia apangaye peke yake hutembea peke yake, msidhani ni mtu asiye na watu. Kobero alikuwa nao, tena waliokuwa wakimwita. Apangaye peke yake hutembea peke yake, hata kama nyuma yake wapo wanaompenda.